Unaipenda kompyuta au unaitumia tu?

Tulikuwa tumekaa maabara, viti vimepangwa duara la kulazimisha, kundi jipya la wanafunzi wa uhandisi na wachache wa sayansi ya kompyuta, na kila mtu anatakiwa ajitambulishe. Jina, mwaka, fani, halafu useme unapenda nini kwenye mambo ya kompyuta.

Wa kwanza akataja lugha za programu anazojua: Python, C++ na JavaScript. Wa pili Python, Java, na C kidogo. Wa tatu akaongeza Rust, watu wakaguna kwa heshima. Ikafika zamu yangu, nikasema nasoma uhandisi wa mitambo, niko mwaka wa pili, napenda hesabu za kompyuta, simulesheni (kuigiza kitu cha kweli ndani ya kompyuta) na vitu vya namna hiyo. Dada mmoja wa mwaka wa mwisho, ndo alikuwa anaongoza kikao, akaniangalia kidogo halafu akauliza, wala hakuwa na ubaya:

"Sasa mdogo wangu, wewe kompyuta unaipenda au unaitumia tu?"

Watu wakacheka, na mi nikacheka. Zamu ikahamia kwa mwingine.

Swali likabaki kwangu.

Nimelala nalo, nimeamka nalo, nimekaa nalo kwenye vipindi vya thermodainamiki ambavyo kwa kweli vilihitaji akili yangu yote, na wiki zimekatika hivyohivyo. Maana jibu la haraka lipo, ningesema naipenda na mambo yangeishia hapo. Ila ukisema unapenda kitu, mtu ana haki ya kukuuliza unachokipenda ni kipi hasa ndani yake, na hapo ndo nilikuwa sina cha kusema. Hii makala ni jibu langu, limechelewa sana, na ni refu kuliko alivyolitaka yeye.

## Ile orodha

Kwanza hiyo orodha ya lugha. Sina ugomvi nayo, mi mwenyewe ninayo kwenye CV: Python, MATLAB, C ya kuungaunga. Lakini mtu akikutajia lugha anazojua bado hajakuambia anazifanyia nini. Ni sawa na fundi seremala akutajie msumeno, randa na patasi, halafu uondoke hujui kama anatengeneza vitanda au majeneza.

Halafu kuna hii tabia ya kudharau lugha za zamani. Jamaa mmoja aliitaja FORTRAN kama utani. FORTRAN ilitoka IBM mwaka 1957, kazi ya John Backus na timu yake, na lengo lilikuwa mtu mwenye fomula aweze kuiandika kwa namna inayofanana na fomula, badala ya kuhangaika na maagizo ya mashine moja baada ya jingine. Leo ukiwa kwenye Python unatatua milinganyo mia kwa mstari mmoja, chini kabisa huko mara nyingi inayofanya kazi ni maktaba, yaani mkusanyiko wa programu zilizokwisha andikwa, kama LAPACK, ambayo iliandikwa kwa FORTRAN. Kwa hiyo yule jamaa anaitumia kila wiki na hana habari.

Basi tuachane na orodha. Nilichokuwa nakitafuta hakikuwa lugha.

## Springi iliyopata nguvu za bure

Nikirudi nyuma kutafuta ni lini hasa nilinasa, naiona siku moja ya maabara. Lekchara alitupa programu fupi, mistari haifiki ishirini, akasema iendesheni, mniambie mnaona nini. Basi.

Ndani yake kulikuwa na uzito umefungwa kwenye springi. Hakuna msuguano, hakuna mtu anayesukuma. Unauvuta kidogo, unauachia. Yeyote aliyesoma fizikia anajua kitakachotokea: utaenda na kurudi, utaenda na kurudi, kwa upana uleule, daima.

Programu inafanya kazi kwa hatua ndogondogo za muda. Kila hatua inachukua mahali uzito ulipo, inapata mchapuko. Kisha inasogeza mahali: mahali papya ni mahali pa zamani jumlisha kasi mara hatua. Kisha inasogeza kasi: kasi mpya ni kasi ya zamani jumlisha mchapuko mara hatua. Hiyo ni njia ya Euler, ya kwanza kufundishwa kila mahali kwa sababu ni rahisi na ina mantiki kabisa, ukiisoma huoni pa kuipinga.

Tukaiendesha. Grafu ikaanza vizuri, wimbi la kwanza safi, la pili refu kidogo, la tatu refu zaidi, na likaendelea hivyo mpaka likatoka nje ya skrini.

Yaani springi inajipatia nguvu. Hakuna anayeisukuma na inazidi kuchangamka.

Kilichonigusa ni kwamba programu haikulalamika. Hakuna ujumbe mwekundu, hakuna kosa la sintaksi, kila mstari umefanya kilekile ulichoandikiwa. Ukimpa mtu asiyejua springi ile grafu atakushukuru na kuondoka nayo.

Wengi wetu tukasema punguza hatua. Tukapunguza kwa nusu, ukuaji ukapoa, ila haukuisha. Ukikaa na kalamu unaona sababu: kila hatua nishati inazidishwa kwa 1 + (ωh)², ambapo ω ni kasi ya mtetemo na h ni urefu wa hatua. Tuseme ωh ni 0.1. Basi kila hatua nishati inazidishwa kwa 1.01. Asilimia moja, nani ataiona? Ila baada ya hatua 100 imefika karibu mara 2.7 ya ile uliyoanzia, na hatua 100 hapo ni mzunguko mmoja na nusu na ushee. Ukipunguza h unaichelewesha tu, maana kile kipeo cha pili hakiwezi kuwa hasi, kwa hiyo nishati itapanda tu, haina njia nyingine.

Lekchara akatuacha tubishane, halafu akasema: "Badilisheni mpangilio wa mistari miwili ya mwisho."

Yaani sogeza kasi kwanza, halafu tumia hiyo kasi mpya kusogeza mahali. Hakuna kilichoongezwa. Idadi ya kujumlisha na kuzidisha ni ileile.

Grafu ikatulia.

Si kwamba jibu lilikuwa kamili. Ukiikuza ile grafu ya nishati unaona inapanda kidogo, inashuka kidogo, inapanda tena, ila haitoroki, na ukiiacha iende mizunguko elfu inabaki palepale. Nilibaki kwenye kiti changu baada ya wenzangu kuondoka, nabadilisha ile mistari miwili, naendesha, naibadilisha tena, naendesha. Mstari upi umetangulia ndo tofauti ya springi inayofuata sheria za dunia na springi ya miujiza.

Na wasiwasi ulianzia hapohapo. Springi tuliikamata kwa sababu jibu tulikuwa nalo kabla hatujawasha kompyuta. Siku nitakayokuwa nahesabu kitu ambacho jibu lake silijui, bapa la turbini, sijui, bomba la mvuke, ni nani atanishtua?

## Pale jumla inapogoma kukua

Ile ya 0.1 + 0.2 kuleta 0.30000000000000004 mnaijua wote, naipita. Mashine inahesabu kwa mfumo wa namba mbili, na 0.1 kwenye mfumo huo haina mwisho, kama vile theluthi moja isivyo na mwisho kwenye desimali zetu, kwa hiyo lazima ikatwe mahali fulani. Tangu 1985 kuna kanuni, IEEE 754, inayosema ikatwe vipi na iwekwe vipi, ili kompyuta mbili za kampuni tofauti zisikupe majibu mawili. William Kahan, aliyeisukuma hiyo kanuni kuliko mtu yeyote, alipata Tuzo ya Turing, tuzo kubwa kabisa ya sayansi ya kompyuta, mwaka 1989.

Watu wengi huichukulia hiyo kama kichekesho cha kumwonyesha mgeni, kisha wanaendelea na maisha. Mi nilitaka kujua inauma kiasi gani.

Chukua 1, ongeza nusu, ongeza theluthi, ongeza robo, endelea hivyo. Mwanahisabati yeyote atakuambia jumla hiyo haina kikomo, inakua polepole sana lakini inakua milele. Sasa iandike kwenye kompyuta kwa namba za biti 32 (biti ni nafasi moja ya 0 au 1) na uiachie. Itapanda, itapanda, ikifika karibu na 15.4 itasimama. Unaongeza sehemu ya 2,097,152, jumla haisogei. Unaongeza inayofuata, haisogei. Ungeiacha mpaka mwisho wa dunia ungekuta 15.4 ileile.

Sababu ukiiona inaridhisha sana. Namba za biti 32 zilizo kati ya 8 na 16 zimepangwa kwa nafasi, na kati ya namba moja na jirani yake kuna pengo la karibu 0.00000095. Unachoongeza kikishafika nusu ya pengo hilo, mashine inaikadiria jumla kwenye namba iliyo karibu na kuirudisha ilikotoka. Unaongeza kweli, ila unachoongeza hakina pa kukaa.

Na hapa tena mpangilio una kauli. Ukichukua idadi ileile ya sehemu ukaanza kujumlisha kutoka ndogo kwenda kubwa, zile ndogo zinapata nafasi ya kukusanyika kabla hazijakutana na kigogo, na jumla inatoka nzuri zaidi. Kahan alikuwa ameshatoa dawa nyingine mwaka 1965, kutunza pembeni kile kilichodondoka na kukirudisha kwenye hatua inayofuata. Mistari minne ya programu. Nilipoielewa nilicheka peke yangu, maana ni ujanja wa mtu anayehesabu senti.

Ila kuna mahali kicheko kinaisha. Tarehe 25 Februari 1991, kule Dhahran, Saudi Arabia, mtambo wa Patriot wa kuzuia makombora haukulizuia kombora la Scud, wakafa wanajeshi 28. Saa ya mtambo ilikuwa inahesabu sehemu za kumi za sekunde, na ile 0.1 ilikuwa imekatwa ili iingie kwenye biti 24. Kosa la kila mpigo lilikuwa dogo mno, lakini mtambo ulikuwa umewashwa kama saa 100 mfululizo na kosa limekusanyika hadi sekunde 0.34 hivi. Kombora la namna ile, kwa muda huo, linakwenda zaidi ya nusu kilomita.

0.1. Ileile ya kichekesho.

## Watu waliohofu kabla yangu

Nilidhani hofu hii ni ya kwangu na ni ya ushamba wa mwaka wa pili. Kumbe watu wakubwa waliwahi kuogopa zaidi ya hapo, na hawa ndo walionifanya nianze kulielewa swali la yule dada.

Mwaka 1943 Harold Hotelling, mtakwimu, alichambua ile njia tunayofundishwa wote ya kutatua milinganyo mingi kwa pamoja, kuondoa kigeu (x, y na wenzake) kimoja kimoja, na akaonyesha kwamba makosa ya kukata desimali yanaweza kukua mara nne kwa kila mlinganyo unaoongezeka. Ukiwa na milinganyo 18, hiyo ni 4 ikizidishwa yenyewe kwa yenyewe mara 17, zaidi ya bilioni 17. Kwa maneno mengine, unaweza kupoteza tarakimu kumi njiani. Nani ataamini jibu lolote?

Baada ya vita kule Uingereza, kwenye Maabara ya Taifa ya Fizikia, James Wilkinson na wenzake, Alan Turing akiwemo, walipata mfumo wa milinganyo 18 wakautatua kwa mashine za mezani, kwa mkono, namba baada ya namba. Walitarajia maangamizi. Walipolirudisha jibu kwenye milinganyo ya mwanzo kulihakiki, lilikaa vizuri ajabu. Turing, ambaye wengi tunamjua kwa mambo mengine kabisa, akaandika mwaka 1948 juu ya makosa haya ya kukata kwenye hesabu za matriksi, yale majedwali ya namba. Wilkinson ndiye aliyelifanya suala hilo kazi ya maisha yake, na mwaka 1970 alipewa Tuzo ya Turing.

Wazo lake nimelisoma mara nyingi kabla halijaingia. Sisi tunauliza: jibu la kompyuta liko mbali kiasi gani na jibu la kweli? Wilkinson anakuambia geuza swali. Jibu ulilopata ni sahihi kabisa, ila kwa tatizo jingine lililo jirani na tatizo lako. Uliza basi, huyo jirani yuko mbali kiasi gani?

Kwa mwanafunzi wa uhandisi hii ni kubwa, aisee. Kwa sababu tatizo langu lenyewe sikulijua kwa usahihi tangu mwanzo. Urefu wa boriti nimeupima kwa rula, ugumu wa chuma nimeutoa kwenye jedwali, mzigo nimeukadiria. Kama kompyuta imenitatulia boriti iliyo ndefu kuliko yangu kwa sehemu ya bilioni ya milimita, nina sababu gani ya kulalamika? Vipimo vyangu vimekosea zaidi ya hapo.

Lakini Wilkinson huyohuyo hakuachii ulale. Anakupa mlinganyo ambao mizizi yake ni 1, 2, 3, mpaka 20, safi kabisa, hakuna hata desimali. Ukiufumbua, namba iliyo mbele ya x yenye kipeo cha 19 ni hasi 210. Iguse hiyo namba moja kwa kiasi cha 0.00000012 hivi. Mizizi 10 kati ya 20 inageuka kuwa namba changamano, mingine inakwenda mbali kama 16.73 jumlisha au toa 2.81i. Hapo mashine huwezi kuilaumu, hata malaika angehesabu bado jirani wa tatizo hilo anaishi dunia nyingine. Tatizo lenyewe ndo lina wenge.

Kwa hiyo kuna mambo mawili ambayo nilikuwa nayachanganya: njia mbovu na tatizo gumu. Springi ilikuwa tatizo jepesi lililopewa njia mbovu. Huu mlinganyo wa Wilkinson ni tatizo gumu, na njia nzuri haitaliponya. Ukiwa mbele ya skrini yote mawili yanaonekana vilevile, namba ya ajabu na kimya.

## Picha zenye rangi

Mnazijua zile picha za simulesheni, kipande cha chuma kimepakwa bluu, kijani, njano, halafu nyekundu pale penye mkazo mkubwa. Ripoti za wanafunzi zimejaa hizo picha na mi nazipenda pia, nisijifanye. Zinapatikana kwa kukata umbo kuwa vipande vidogo vingi na kupiga hesabu ya kila kipande na majirani zake.

Tarehe 23 Agosti 1991, kwenye ghuba ya Gandsfjorden karibu na Stavanger, Norwei, kitako cha zege cha jukwaa la gesi la Sleipner A kilikuwa kinazamishwa taratibu kwa majaribio. Kilikuwa na seli 24 za zege zilizoshikana. Ukuta wa seli ukapasuka, maji yakaingia kuliko pampu zinavyoweza kutoa, kitu kizima kikazama na kuvunjikavunjika chini. Hasara ilikadiriwa karibu dola milioni 700.

Uchunguzi ulirudi kwenye vile vipande. Kwenye pembe ambapo seli zinakutana, vipande vilikuwa vichache na vimepindapinda, na hesabu ikatoa mkazo wa kukata uliopungua kwa asilimia 47 kuliko ulivyo kweli. Ukuta ukajengwa mwembamba na nondo zikawa pungufu pale penyewe. Waliporudia hesabu kwa uangalifu baada ya ajali, ikasema ukuta ungeshindwa kina kikifika mita 62. Ulishindwa mita 65.

Soma tena hizo namba mbili. Hesabu ilikuwa inaweza. Programu haikuwa na ubovu, nadharia haikuwa na ubovu, kilichoipotosha hesabu ni ule ukataji wa vipande, kazi ambayo wanafunzi tunamwachia kitufe cha "otomatiki" huku tunachati.

Tangu niisome hiyo nimejijengea mazoea mawili ambayo wenzangu wa kundi wanayaona ni kero. La kwanza, kabla ya kuendesha chochote naandika kwenye karatasi nategemea jibu la ukubwa gani, kwa fomula ya kizamani, mfano boriti iliyoshikwa upande mmoja inashuka kwa PL³/3EI (P ni mzigo, L urefu, E ugumu wa chuma, I inatokana na umbo la mkato wake), hata kama boriti yangu ina matundu na mikunjo. Jibu la skrini likitofautiana na karatasi kwa mara kumi, mmoja wao anadanganya na silali mpaka nimjue. La pili, nagawa vipande kuwa vidogo zaidi naendesha tena. Jibu likisogea sana, lile la kwanza halikuwa jibu.

Inachosha. Kompyuta inapiga feni, unasubiri, mwenzako anakuuliza kwani picha si imeshatoka?

## Kuhama au kubaki

Nisifiche, katikati ya wiki hizi nilifikiria kuhama fani. Kama kinachonikosesha usingizi ni namba ndani ya mashine, nafanya nini huku kwenye gia na mvuke? Nilimuuliza rafiki yangu wa sayansi ya kompyuta, akanicheka kwanza jinsi ninavyoandika, variabo zangu zote ni a, b, x1 na x2, akasema mainjinia mnaandika programu kama mnaiba. Hajasema uongo. Halafu akaniambia kitu nilichokuwa sikitarajii: wengi darasani kwake hawalipendi hili somo la makosa ya namba, wanalimaliza wanalisahau, kwa sababu mfumo wa kulipia au tovuti ukikosea unaona hapohapo, mtu anapiga simu.

Huku kwetu hakuna anayepiga simu. Ukuta wa zege hauna mtumiaji wa kulalamika wiki ya kwanza. Namba inatoka kwenye skrini, inaingia kwenye mchoro, mchoro unakuwa chuma, na kati ya hapo wa kuuliza maswali ni mmoja tu, yule aliyeketi mbele ya kompyuta. Huyo anatakiwa aijue springi na aijue mashine, vyote viwili, la sivyo anapitwa na upande mmoja.

Kwa hiyo nimebaki.

Na zile programu za akili bandia zinazokuandikia kila kitu? Nazitumia, sina unafiki. Niliiomba moja iniandikie springi ikaniandikia njia ya Euler, ileile yenye miujiza, mistari mizuri, variabo zenye majina marefu kuliko yangu. Nilipoiambia nishati inakua, ikabadilisha mpangilio mara moja na kunieleza kwa nini. Ilikuwa inajua. Ilikuwa inasubiri mtu mwenye wasiwasi.

Naipenda kompyuta, basi, kwa jinsi inavyokosea. Hilo ndo jibu la dada, na najua likisemwa kwenye duara la utambulisho linasikika vibaya.

## Mota na biti 16

Sasa hivi tuna mradi wa kupima mtetemo wa mota ndogo, kujua beringi imeanza kuchoka kabla haijafa. Kihisi kinasoma, kidhibiti kidogo cha aina ya Arduino Uno kinachukua masomo, kinazidisha kila somo kwa lenyewe, kinajumlisha, kinatafuta wastani, halafu kipeuo cha pili. Hesabu ya mstari mmoja ubaoni.

Kabla hatujagusa waya nikachukua karatasi. Kwenye mashine hiyo namba kamili ya kawaida ni biti 16, mwisho wake 32,767. Somo la 181 ukilizidisha kwa lenyewe unapata 32,761, linaingia, pungufu kidogo tu. Somo la 182 linatoa 33,124, na hilo haliingii, linageuka kuwa hasi 32,412. Yaani mota ikitetemeka zaidi kidogo, nishati ya mtetemo inakuwa hasi, na ukitafuta kipeuo cha hasi unapata takataka, tena mota inapoanza kuharibika, wakati ule uliokuwa unausubiri.

Roketi ya Ariane 5 ililipuka hivyohivyo tarehe 4 Juni 1996, sekunde kama 40 baada ya kuwashwa injini zake. Namba ya biti 64 ililazimishwa kuingia kwenye biti 16, kwenye programu iliyochukuliwa kutoka Ariane 4, ambako haikuwahi kusumbua kwa sababu Ariane 4 haikuwa na mbio zile. Sisi tuna mota ya kwenye meza, sawa, lakini sikutaka tuanze na biti 16.

Tunakwenda biti 32, mwisho 2,147,483,647. Somo kubwa kabisa la kihisi ni 1,023, likizidishwa kwa lenyewe ni 1,046,529. Mwenzangu alitaka masomo 4,096 kwa mkupuo ili wastani utulie. Nikamwonyesha karatasi: hata masomo yote yakiwa makubwa kabisa, yanayoingia ni 2,052, la 2,053 linapindua jumla. Akasema hayawezi kuwa makubwa yote kwa wakati mmoja. Nikamwambia beringi ikivunjika je? Tukabishana mpaka taa za korido zikazimwa, tukakubaliana 2,048, na sababu nimeiandika juu kabisa ya programu, kwa maneno, ili atakayeichukua mwakani kwa ajili ya mota kubwa zaidi aikute kabla hajabadilisha chochote.